Kuku Si Mifugo

Mafuta ya kondoo hayakuozesha mguu wa mama yangu. Nimechukua miaka mingi kuifikia sentensi hiyo, na hata sasa mkono unataka kuongeza "pengine" mahali fulani katikati. Kila aliyeniuliza yaliyompata Mama nilimpa jibu lilelile: alipakwa mafuta ya kondoo na rafiki yake Mmaasai huko Kajiado, kidonda kikaharibika. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Nami nilitikisa changu. Mtu aliyesoma sana hujua kutikisa kichwa vizuri.

Hayo yalianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa natafiti bakteria wasiokufa kwa dawa. Utafiti ulikuwa wa shahada iliyodumu kuliko ndoa yangu. Kazi yenyewe haikuwa na utukufu. Nilizunguka maboma ya Kajiado na gari la mradi, nikiokota kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa kijiti chenye pamba, nikiomba maziwa kidogo kwenye chupa, nikiwaomba watu wanyooshe viganja niwapanguse. Maabara yetu ilikuwa Nairobi. Huko tulimwotesha bakteria kwenye kisahani, tukaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowa dawa mbalimbali, tukasubiri hadi kesho yake. Dawa ikiwa na nguvu, kunabaki duara tupu kuizunguka, kama uwanja uliofagiliwa. Ikiwa haina, bakteria huota hadi mlangoni pake bila kubisha hodi.

Na kila boma nilihubiri. Wafugaji walinunua dawa ya sindano agroveti, duka la dawa za mifugo, wakamdunga ng'ombe wenyewe kwa kukisia, wakaacha alipoanza kula. "Mkikatiza dozi," niliwaambia, "wale wanaobaki ndio wenye nguvu. Mnawafundisha vita." Niliipenda sana hiyo ya vita. Niliisema hadi dereva wa mradi akawa anaitamka pamoja nami, midomo ikicheza bila sauti.

Nyumbani Kitengela nilikuwa na kuku.

Wakati huo kila aliyehamia Kitengela alikuwa na kitu cha pembeni, maana mshahara ulikuwa unaishia kwa mwenye nyumba. Jirani mmoja alifuga sungura, mwingine alikata nywele sebuleni. Mimi nilijenga banda la waya nyuma ya nyumba, nikaweka kuku wa mayai, nikawauzia kina mama wa kanisani. Kuku wakianza kukohoa nilifanya lile lililofanywa na kila mtu: unga wa njano kutoka agroveti, ndani ya maji yao ya kunywa. Unga ukiisha na duka limefungwa, nilifungua vidonge vya watu, vile vya rangi mbili, nikamwaga humohumo. Wakikohoa kidogo niliweka kidogo. Wakikohoa sana, niliweka hadi maji yakabadilika rangi. Wakiacha kukohoa, niliacha.

Nilitoka kuhubiri Kajiado, nikavua viatu vya kazi mlangoni, nikaenda moja kwa moja kuwafundisha kuku wangu vita. Msomaji ataniuliza kama sikuona. Nilikuwa naona. Nilijiambia tu kwamba huo ulikuwa utafiti, na haya yalikuwa maisha.

Isitoshe, nilikuwa nimeonywa. Kabla ya msimu wa kwanza wa kwenda maboma tulitaka kujaribu visahani vyetu, na kwa majaribio hakuna haja ya kwenda Kajiado; nilibeba kinyesi cha kuku wangu kwenye mfuko wa maziwa. Mwenzangu wa maabara, mwanamume wa kutoka Murang'a ambaye hakuwahi kutupa kitu chochote, alifungua visahani siku iliyofuata akapiga mluzi. Bakteria walikuwa wameota hadi milangoni pa dawa zote. Ilibaki moja tu yenye uwanja uliofagiliwa, sindano ya zamani ambayo hospitali huitumia kwa woga kwa sababu ya figo.

"Madam," akasema, "hawa kuku wako wamesoma kuliko wewe."

Tulicheka. Nikasema visahani vilikuwa vimeharibika, tutengeneze vingine. Tulitengeneza vingine, na safari hii nikaokota kinyesi cha mbuzi wa jirani. Mwenzangu aliwaweka bakteria wa kuku wangu kwenye friji, nyuma kabisa, kwa sababu ya ile tabia yake.

Mwaka uliofuata Mama alikuja kutoka magharibi kukaa nami, ili awe karibu na kliniki ya ugonjwa wa sukari. Kitengela haikumpendeza. Upepo ulimpiga vumbi machoni, na ukigeuka ulimletea harufu ya kichinjio. "Hapa kwenu watu wanasalimia mageti," aliniambia. "Nimeamkua geti la jirani asubuhi tatu, limenyamaza." Akachukua kazi ya kulisha kuku, ambao angalau walijibu. Nami kwa kumhurumia nikampakia siku moja kwenye gari la mradi, twende naye Kajiado.

Boma tulilofika lilikuwa mbele ya Isinya, la mjane mzee ambaye mimi nilimwita Kokoo, yaani nyanya. Nilikuwa nimemfundisha Mama njiani: ukisalimiwa "Takwenya" ujibu "Iko."

"Takwenya!" akasema Kokoo.

"Iko," akajibu Mama, kisha akanigeukia. "Iko wapi?"

Kokoo alicheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo hawakunihitaji. Kiswahili cha mmoja kilikuwa cha sokoni, cha mwingine cha kanisani, na vyote viwili vilitosha kusengenya wakwe. Nilipomaliza kuokota kinyesi changu nilikuta wamekaa kivulini mwa nyumba wakilinganisha maumivu ya magoti.

Ziara ya pili Kokoo alimpa Mama kondoo. Alimshika jike mmoja sikio akasema huyu ni wako, atakaa hapa na wenzake, akizaa nitakwambia. Kwa Wamaasai, watu waliopeana kondoo huacha kuitana majina yao ya kawaida. Wote wawili huwa Paker, jina linalotokana na kondoo, na hilo ndilo watakaloitana hadi mmoja azikwe.

"Sasa wewe ni Paker," akamwambia Mama. "Na mimi ni Paker. Ile jina ingine weka kando."

Tulipofika Kitengela Mama akasema, "Kwetu mkono haurudi mtupu." Ziara ya tatu nilimkuta amesimama kando ya gari na kuku wangu bora kwapani, miguu imefungwa kamba.

Tulikuwa na sheria moja ambayo hata dereva aliijua: usipeleke kitu chako kwenye boma unalolichunguza. Hutajua tena kipi ni chao na kipi ni chako. Nilimweleza Mama.

"Sheria ya nani?" akauliza. "Ya hicho kijiti?"

"Ya utafiti, Mama."

"Basi utafiti ndio haujalelewa."

Akaingia na kuku wake. Nikamwambia dereva awashe gari, maana tulikuwa tumechelewa, na maana mtu hawezi kupigana na mamaye mbele ya dereva. Boma la Kokoo halikuwa limewahi kufuga kuku. Alimpokea kwa mikono miwili, kwa mbali kidogo na mwili.

"Hii ndege nitaifanyia nini?"

"Itakutagia," Mama akasema. "Na mtu akipewa kuku anaitwaje?"

Kokoo alifikiri. "Hatuna jina ya kuku, Paker. Tubaki na kondoo."

Kuku akapewa kona ya ndama, ndani ya nyumba.

Mambo ya mguu yalianzia kwenye banda langu. Waya uliochomoza ulimchana Mama juu ya vidole alipokuwa akibeba maji ya kuku. Ulikuwa mchubuko tu. Lakini mtu wa sukari hana mchubuko tu, na nilijua hivyo, na kliniki ilikuwa Nairobi, na nilikuwa na safari ya maboma. Nikaenda kwenye mkebe uleule wa dawa za kuku, nikampa vidonge vya rangi mbili. Kidonda kilipokauka juu nikamwambia aache. Vilivyobaki niliwarudishia kuku. Mama aliendelea kuingia bandani na ndala zake kila asubuhi.

Tulipoenda tena Kajiado, Kokoo alimwinamia mguuni akanung'unika. Akaleta mafuta ya kondoo kwenye kikopo, akampaka taratibu, akimsimulia habari za kondoo. Siku chache baadaye mguu ulivimba, na vidole viwili vikaanza kuwa vyeusi.

Daktari wa hospitalini alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alituuliza kama nyumbani kuna mifugo.

"Hapana," nikasema. "Tunaishi kwa ploti, mjini."

"Kuna kuku," Mama akasema kutoka kitandani.

"Mama, kuku si mifugo."

Daktari akatabasamu. Akauliza kama mgonjwa alikuwa amekunywa dawa yoyote kabla ya kuja. Nikasema hapana. Mama alinitazama. Alikuwa mwanamke wa kumrekebisha padri katikati ya mahubiri, lakini hakuwa wa kumrekebisha mwanawe mbele ya mgeni. Basi nikamweleza daktari nilichokuwa nimebeba tayari mdomoni: rafiki Mmaasai, kikopo, mafuta.

"Hawa watu wetu," akasema kwa huzuni.

"Eh," nikasema. "Tunawaelimisha tu polepole."

Dawa alizoanzishiwa hazikufanya kitu. Vidole viwili vikakatwa. Daktari akaniambia kwa upole kwamba mguu ukiendelea hivyo, itabidi wakate chini ya goti. Nilipanguza kidonda cha Mama kwa kijiti changu mwenyewe, nikapeleka maabara, kisha nikachukua gari la mradi hadi Kajiado. Nilienda kutafuta ushahidi. Sitatumia neno jingine.

Kokoo alitoka kunipokea akichungulia nyuma ya bega langu. "Paker yuko wapi?"

"Anapumzika."

"Mguu?"

"Unapona, Kokoo."

Nikamwambia leo kuna kazi ya kawaida. Nilipanguza kikopo cha mafuta, kondoo, mbuzi, ng'ombe. Nikamwomba viganja. Akavinyoosha, vimefunguka kabisa, kama anayepokea kitu. Kuku alipita katikati ya miguu yangu akiacha alichoacha, na mkono wangu, uliozoea kuokota kwa kila mnyama wa boma, ukaokota kabla kichwa hakijauliza. Nilipoingia garini Kokoo alinikabidhi mafuta mengine, kikopo kipya kilichojaa, nimpelekee rafiki yake. Nikakificha chini ya kiti kama bangi.

Niliacha vijiti vyangu maabara jioni hiyo, na niliporudi siku mbili baadaye mwenzangu alikuwa amepanga visahani mezani, safu mbili, na hakunipa mzaha wake wa kawaida.

"Kondoo hana hatia," akasema. "Mbuzi hana, ng'ombe hana. Wote wanakufa na dawa za kawaida. Mafuta nayo, hata hakuna kitu imeota." Akasogeza vile vingine. "Huyu wa mguu wa mama yako anakataa dawa zote isipokuwa ile sindano moja. Mikono ya yule shosho wa boma iko na yeye pia. Na huyu hapa, wa kuku. Madam, si ulisema hilo boma halina kuku?"

Nilisema ndiyo, nilisema.

"Basi nikafungua friji." Akaweka kisahani cha nne kando ya vile vitatu. Hakuhitaji kuniambia kilitoka wapi. Viwanja vyote vinne vilifagiliwa mahali pamoja.

Nilifungua kinywa kueleza kwamba kufanana hakutoshi, kwamba mtafiti makini angetaka vipimo zaidi. Ni kweli kabisa, na ningemwambia mwanafunzi hivyo hata leo. Mwenzangu aliniandikia jina la ile sindano kwenye karatasi. Nikaichukua.

Niliendesha hadi hospitalini nikamwambia daktari matokeo: dawa zote hizi hazitafanya kitu, tumia hii. Alifurahi kwa namna iliyoniumiza. Akaandika palepale, kisha akauliza, "Kwa hivyo yalikuwa yale mafuta?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Naikumbuka kama mtu anavyokumbuka kituo alichopaswa kushukia.

"Kuna uwezekano," nikasema.

Sindano ilifanya kazi. Mguu wa Mama uko hadi leo, bila vidole viwili. Ndugu zangu walipokuja kumwona niliwasimulia habari ya mafuta, na kila nilipoisimulia ilikuwa laini zaidi. Mama alikuwa akisikiliza kutoka kitandani. Siku moja tulipobaki wawili akaniuliza, "Vile vidonge, kwa nini hukumwambia daktari?"

"Havikuwa muhimu, Mama."

"Muhimu sijui. Najua nilikunywa." Akageukia ukuta. "Sawa. Wewe ndiye msomi."

Boma la Kokoo nililitoa kwenye utafiti. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba barabara yake haipitiki mvua ikinyesha. Sikurudi kumweleza chochote yule mjane, wala kumtoa kuku kwenye kona ya ndama. Wale wa kwangu niliwauza kabla ya Krismasi kwa watu waliowala, na wakawasifu. Nilipata shahada yangu. Nikaanza kuitwa kwenye mikutano kuzungumza juu ya matumizi mabaya ya dawa miongoni mwa wafugaji, na ile ya vita ilipigiwa makofi katika hoteli nzuri nzuri.

Mama alirudi magharibi. Simu za mkononi zilipoenea, yeye na Kokoo walipata kila mmoja ya kwake, na wakawa wanapigiana Jumapili. Sikujua wanazungumza nini. Nilifikiri ni magoti.

Ndipo kaka yangu mdogo, mtu mwema kuliko sisi wote, akapelekwa na kazi yake Kajiado. Mama alimwagiza ampelekee rafiki yake sukari na kitenge. Akaenda, akapokelewa, akapewa chai. Na kwa wema wake huohuo, alipokuwa akiaga, akamshika Kokoo mkono akamwambia asiwe na wasiwasi juu ya yale mafuta: familia ilishasamehe.

Simu ya Mama ilinikuta Kitengela, jikoni, nikikaanga vitunguu.

"Paker amenipigia," akasema bila salamu. "Anasema nisimwite tena Paker."

"Kwa nini?"

"Anasema mtu aliyeharibu mguu wa mwenzake hawezi kubeba jina la kondoo. Nimwite lile jina lake la zamani. Hata silijui vizuri." Sauti yake ilikuwa kavu. "Anasema analeta kondoo mwingine wa kuomba msamaha, na wale waliozaliwa na wangu wote niwachukue. Amelia kwa simu, mwanamke mzee hivyo. Sasa nauliza. Ni nani alimwambia kijana wangu habari ya mafuta?"

Vitunguu vilianza kuungua. Nilizima moto.

"Mama, si mafuta," nikasema.

"Najua si mafuta."

"Ni kuku wangu. Ni dawa niliyokuwa nawapa, na ile niliyokupa wewe. Wadudu waliozoea dawa walifika hata mikononi mwa Paker, kwa yule kuku uliyempelekea. Nilijua kabla hujatoka hospitali."

"Nilikuwa na mguu huo mimi," akasema. "Uliingia bandani na mimi, ulikunywa vidonge na mimi. Nilijua kabla yako, bila kijiti." Nilimsikia akivuta kiti, akiketi. "Nilinyamaza nikingoja useme mwenyewe. Nikasema huyu ni mtoto wa shule, anachelewa lakini atafika. Umeniacha nangoja mpaka rafiki yangu anarudisha jina."

Nikamwambia pole. Nikasema nitaenda Kajiado mwisho wa wiki, nikae naye chini, nimweleze kwa utaratibu.

"Mwisho wa wiki atakuwa njiani na kondoo. Mpigie sasa."

"Nitamwambia nini, Mama?"

"Yote hiyo umeniambia. Usiweke Kizungu ndani."

"Na asiponisamehe?"

"Hilo ni lake na wewe. Mimi nataka jina langu." Nikasikia miwani ikifunguliwa. "Namba yake uko nayo?"

Sikuwa nayo. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kuiomba.

"Chukua kalamu," akasema.

Kalamu ilikuwapo dirishani, karatasi haikuwapo. Nikafungua kiganja. Mama akaanza kunisomea namba moja moja, taratibu, kama anayemsomea mtoto, na kila moja akanitaka niirudie.